Mama Pindo Aliniuliza Mimi

Kwanza tuelewane: mimi si mtu wa kuficha maneno. Katika chumba cha kushonea cha hospitali yetu, ambamo nimekata vitambaa kwa miaka kumi na tisa, jina langu ni Mkasi, na si kwa sababu ya ule mkasi mkubwa ninaoshika mkononi. Daktari akipita na koti lililofumuka kwapani, namwambia mbele ya wagonjwa wake. Bwana wa ugavi alipotuletea jora la kitambaa kinachochuja rangi, nilimrudishia palepale mlangoni, nikamwambia akamshonee mama mkwe wake. Watu wananiogopa na, nisiwe mnafiki, napenda wanavyoniogopa. Mtu kama huyo ndiye aliyeulizwa swali fupi na rafiki yake wa miaka yote, akatazama pembeni, akadanganya. Nasimulia maisha ya rafiki huyo, lakini nikijiondoa mimi humo nitakuwa nadanganya tena.

Aliyempachika jina la Mama Pindo hajulikani, ila sababu tunaijua wote. Shuka likitoka kwenye cherehani ya mtu mwingine, yeye alilipindua, akalisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akafuata pindo kwa kidole tangu mwanzo hadi mwisho. Likiwa limekwenda upande alilifumua lote bila kumwomba mtu ruhusa. "Mgonjwa akilalia pindo baya anaamka na alama mgongoni," alisema. "Ameshaumwa, tusimwongezee." Alishona mapazia ya wodi, magauni ya wagonjwa yanayofungwa kamba nyuma, na hasa yale mashuka ya kijani ya chumba cha upasuaji yenye tundu katikati, ili mpasuaji aone pale anapopasua tu. Mimi nilikata matundu, yeye akayazungushia mshono. Alifanya hivyo miaka ishirini na sita, na mimi nikiwa naye kumi na tisa ya hiyo.

Alikuwa mfupi, mjane, mwenye kicheko kikubwa kuliko mwili wake. Aliishi na dada yake mkubwa, ambaye ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki. Chai yake ilikuwa sukari yenye majani. Fahari yake ilikuwa vidole: alitunga uzi kwenye sindano huku akinitazama mimi usoni na kunisengenyea watu, na uzi ukiwa na fundo dogo lisiloonekana, alilisikia kwa ncha ya kidole kabla halijafika kwenye kitambaa. "Macho yakinitoka nitabaki na kazi," alikuwa akisema. "Vidole vikinitoka mnizike."

Ugonjwa wake niliuona mimi kwanza. Kwanza zilikuwa safari za chooni. "Wewe, choo umekipangisha?" nilimuuliza siku moja, akacheka, akasema ni bawasiri tu. Damu alikuwa akiiona kwa karibu mwaka mzima na kuinyamazia. Halafu sketi zake zikaanza kumpwaya, akawa anazibana kimyakimya akidhani sioni. Mimi ni mkataji, jicho langu ni utepe wa kupimia. Nilimwambia, "Umepungua inchi nne kiunoni na hujaniambia unajinyima kula kwa ajili ya bwana gani." Hakucheka. Nikamshika mkono, nikampeleka mwenyewe hadi mlango wa kliniki. Walimpima kwa kamera, wakakata kinyama kidogo, wakakipeleka maabara.

Hapa ndipo alipoponzwa na kuwa mtu wa nyumbani. Mgonjwa mgeni, majibu yake yakiwa mabaya, anapelekwa kwenye chumba kidogo mwisho wa ukumbi, chenye viti viwili na meza. Daktari anakaa naye na kumtajia ugonjwa kwa jina, na haondoki mpaka mgonjwa amemaliza maswali. Pazia la chumba hicho Mama Pindo alilishona mwenyewe. Lakini yeye hakupelekwa humo. Sista mkuu wa wodi ya upasuaji, ambaye alikuwa anakula nasi chakula cha mchana karibu kila siku, alimwambia daktari, "Huyu ni wetu. Niachie mimi, nitamweleza kwa lugha ya nyumbani." Daktari alikuwa na foleni hadi nje ya mlango. Akamwachia.

Sista akamwita dada mkubwa. Na kwa kuwa mimi nilikuwa kama ndugu, akaniita na mimi. Tulikutana watatu kwenye stoo ya mashuka, tumebanana katikati ya rafu, na Sista akatuambia. Ni saratani. Iko mwisho kabisa wa utumbo mpana, karibu na pa kutokea. Itabidi watoe kipande chote hicho, pa chini pashonwe pafungwe, na haja kubwa itokee tumboni, kwenye mfuko, maisha yake yote.

Dada mkubwa alishika rafu. "Asiambiwe," alisema.

"Dada, lazima aambiwe," nilisema mimi. Ndiyo, nilisema. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho.

"Wewe hukumwona mama yetu. Aliambiwa asubuhi kwamba ana saratani, akageukia ukuta. Hakula tena. Kabla ya wiki tatu kuisha tukamzika. Na huyu mdogo wangu ni mama mtupu, hata anavyolala. Mkimwambia, mmeniulia."

Sista akamshika bega. "Tutamwambia ni uvimbe. Na ni uvimbe kweli, si uongo. Na mfuko tutasema ni wa miezi mitatu, mpaka ndani pakauke. Akishapata nguvu tutamwambia kidogo kidogo." Kisha wote wawili wakanigeukia mimi, maana walijua mdomo uliokuwa hatari ni wangu.

Nilitazama mashuka. Nikasema, "Haya." Nimeshasema maneno mengi machafu maishani mwangu, lakini hilo ndilo ninaloona aibu nalo.

Fomu ya kukubali upasuaji alitia sahihi akiwa amekaa kitandani anatania wauguzi. Ilikuwa na kurasa tatu za maneno ya kitabibu, na Sista alimwonyesha kwa kidole pa kuandika. Asubuhi ya upasuaji aliniuliza kama mashuka yaliyopelekwa ndani ni ya fungu lake au la yule fundi wa zamu nyingine. Nikamwambia ni lake. "Basi nitalala," akasema. Alipigwa nusukaputi na kukaa mle ndani kwa muda wa saa sita, na mimi sikukata hata kipande kimoja cha kitambaa siku ile.

Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri, na sitawavunjia heshima waliomfanyia. Alitoka na dripu mkononi, mpira wa mkojo, mirija miwili ya kutoa majimaji, na tumboni upande wa kushoto tundu jekundu linalong'aa, limefunikwa kwa mfuko. Siku ya pili walimsimamisha, ameshikilia mto tumboni ili akikohoa nyuzi zisivutike. Siku ya nne upepo ulitoka kwa mara ya kwanza, mfuko ukavimba, na wauguzi wakashangilia. "Nimefanya kazi hapa miaka ishirini na sita," alisema, "hakuna aliyewahi kunipigia makofi. Leo nimejamba." Wodi nzima ilicheka, na mimi nikacheka nao huku moyo unanisuta.

Siku ya sita alikuja muuguzi wa mifuko kumfundisha. Unapima tundu kwa karatasi yenye duara, unachora, unakata kibandiko kwa kipimo hicho hicho, unasafisha ngozi na kukausha, unabandika, unashikilia kwa kiganja mpaka pashike joto. Nilikuwa nimekaa pembeni nikajiambia, hii si kazi yetu kabisa? Kupima, kuchora, kukata tundu! Hakuna mgonjwa katika hospitali ile ambaye angeijua haraka kuliko yeye. Lakini Mama Pindo aligeuza uso dirishani. "Mwoneshe dada," alisema. "Ya nini nijifunze kazi ya miezi mitatu?" Muuguzi alinitazama mimi. Nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Kwa hiyo alirudi nyumbani bila kujua hata mfuko unafunguliwa upande gani. Dada mkubwa ndiye aliyembadilishia, ndiye aliyemwaga, ndiye aliyemsafisha, na Mama Pindo alifumba macho kila mara. Kukaa alikalia mto, kwa upande mmoja, kwa sababu ya kidonda cha chini. Kila Jumamosi nilikwenda kumwona. Miezi mitatu ikafika. Tukasema daktari amesafiri. Akasubiri. Tukasema vitanda vimejaa. Akasubiri. Tukasema mpaka uongeze kilo tano, na yule mwanamke aliyekuwa anachagua chakula kama mtoto akaanza kujilazimisha kula uji mara nne kwa siku, anatapika, anakula tena.

Katikati ya mambo hayo zikaja dawa za dripu. Kila wiki tatu alitakiwa kukaa kwenye kiti cha wodi ya mchana na kudungwa, mara nane. Alijua ni dawa za kukausha kidonda cha ndani, maana ndivyo alivyoambiwa. Baada ya ile ya pili vidole vyake vikafa ganzi. Akigusa maji ya baridi anasikia kama ameshika miiba. Alijaribu kushona kifungo cha gauni la dada yake, sindano ikaanguka, akaiokota, ikaanguka tena. Aliponionyesha kidole gumba kilikuwa na damu. "Nimejichoma na sikusikia," alisema. "Niliona damu kwanza." Sijawahi kumwona ameogopa vile, hata siku ya upasuaji.

Hakwenda tena. "Kidonda kimekauka, wauguzi wamekitazama wamesema kimekauka. Sasa wananikausha nini, vidole?" Ukiangalia aliyokuwa anayajua, alikuwa na akili timamu kabisa. Dada mkubwa alinifuata kazini, analia. "Mwambie aende, wewe anakusikiliza."

"Nimwambie aende kwa nini, dada?"

Jibu lilikuwa lile lile tulilolifungia stoo. Nilikwenda, nikamwambia, "Malizia dawa, mwenzangu." Akaniuliza kwa nini. Nikasema ndivyo madaktari wanavyotaka. Akanitazama akasema, "Tangu lini wewe unafuata wanachotaka madaktari?" Karatasi ya tarehe za dripu ilikaa juu ya kabati mpaka tarehe zote zikapita.

Mwezi wa saba tangu apasuliwe, Jumamosi, aliniomba nifunge mlango. Haukufungika vizuri. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kwa ule upande wake mmoja.

"Mkasi," alisema, "dada ananizungusha. Sista akija anatazama saa. Naona watu wananivisha kilemba cha ukoka, naendelea vizuri, naendelea vizuri, halafu tarehe haiji. Wewe mdomo wako hauna breki. Kama kuna kitu, wewe utanipasulia. Niambie kweli. Watanirudisha lini?"

Lilikuwa swali jepesi. Na ukweli ulikuwa umeshafika kwenye ulimi. Lakini kwenye ufa wa mlango nilimwona dada mkubwa amesimama na sinia ya chai, anatikisa kichwa, anatikisa tu, machozi yanamtiririka bila sauti. Nikasema, "Mwezi ujao." Na kama hiyo haikutosha, nikaongeza chumvi: "Nimesikia kwa masikio yangu, Sista akiongea na daktari."

Aliniamini papo hapo. Uso wake wote ulifunguka. Angesema mtu mwingine yeyote angetilia shaka. Mimi niliaminiwa kwa sababu ya ubaya wa mdomo wangu, ule ule ninaojivunia. Alisimama, akatoa kabatini sketi ya bluu ya kubana ambayo mfuko ulimzuia kuivaa, akaipiga pasi mbele yangu. Alipasha habari majirani. Nilipotoka, dada mkubwa alinishika mkono mlangoni akaniambia asante, na mimi nikaipokea.

Wiki iliyofuata dada mkubwa alipokwenda sokoni, Mama Pindo alichukua kioo cha ukutani, akakilaza kwenye sakafu ya bafu, akachuchumaa juu yake. Alitaka kuona patakapofunguliwa. Mara zote alizoambiwa, aliambiwa kwamba pa chini wamefunga kwa muda tu, ndani pakauke. Sasa nakuomba ufikirie: sisi tulimwambia hivyo mwanamke aliyeshona miaka ishirini na sita. Tungemdanganya mwalimu, tungemdanganya dereva, ingepita. Kwenye kazi yetu kitu cha kufumuliwa kesho kinapigwa bandi, mishono mirefu, iliyolegea, na mwisho wa uzi unaachwa nje ili upate pa kushika. Hufungi kitu kwa mshono wa mwisho kama unajua utakifungua. Aliangalia kwenye kioo akaona mstari mmoja uliolala, ngozi imeungana na ngozi, hakuna tundu, hakuna pa kuanzia. Alijua hapohapo. Alivaa, akatoka peke yake.

Haya mengine nilisimuliwa na daktari mwenyewe, maana aliyabeba kifuani kwa muda mrefu. Anasema Mama Pindo alipanga foleni kliniki kama mgeni yeyote, akachukua namba, akasubiri. Alipoingia alisema, "Nimekuja kuuliza tarehe ya kurudishwa."

"Kurudishwa nini, mama?"

"Njia. Kila kitu mahali pake."

Daktari akafungua faili, akalifunga. "Mama, Sista aliniambia amekueleza yote na umekubali. Ukatia sahihi."

"Nilitia sahihi ya uvimbe."

Basi daktari akamwambia, kwa jina lake, saratani. Akamwambia pale hapatafunguliwa tena. Akamwambia kwamba kati ya tezi walizotoa, mbili zilikuwa zimeshaingiliwa, na zile dripu nane zilikuwa za kufagia mabaki. "Ulipata mbili," alisema. "Hapa nimeandika kwamba mgonjwa amekataa mwenyewe. Nilidhani umekataa ukijua."

"Nikizianza leo?"

"Faida yake ni zikianza mapema na kufuatana. Muda umepita, mama. Tutakuwa tunakupima, tuone." Daktari anasema Mama Pindo alimshukuru. Hilo ndilo linalomsumbua zaidi, kwamba alishukuriwa.

Alipoingia chumba cha kushonea ilikuwa kama saa tano. Niliruka kwa furaha, mjinga mimi. "Mama Pindo! Umekuja kwa miguu?" Nikamvutia kiti, nikaweka mto. Hakukaa.

"Ulijua?" aliuliza.

Nikaanza habari za dada, za mama yao, za Sista na stoo. Akainua mkono.

"Sijauliza nani alisema nini. Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujapasuliwa."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa kipimo cha dirisha. "Dada yangu namwelewa," alisema. "Alimzika mama, akaogopa kuzika tena. Sista anawaambia watapona hata wanaokata roho, ndiyo mazoea yake. Lakini wewe nilikuuliza. Sikumuuliza mtu mwingine. Nilikuuliza wewe kwa sababu nilijua hutanionea huruma."

"Nisamehe, mwenzangu. Nilikuhurumia."

"Mliniacha nichague vidole." Sauti yake haikupanda, na laiti ingepanda. "Nilikaa pale nachagua kati ya vidole vyangu na kidonda kilichopona. Nani angechagua kidonda? Kumbe nilikuwa nachagua kati ya vidole na uhai, na ninyi watatu mmesimama mnanitazama nikichagua."

Nililia. Sikuwa na haki ya kulia lakini nililia. Yeye alikuwa amejishika tumbo, na nikaona gauni linaloa chini ya mkono wake. Mfuko ulikuwa umejaa kwa ule mwendo wote na foleni yote, ukaachia. Harufu ikajaa chumba. Alijitazama, akainua uso. "Hata huu sijui kuubadilisha," alisema. "Hata huu mlininyima." Nilinyoosha mkono nimsaidie, akarudi nyuma. Akavuta shuka moja la kijani kutoka kwenye fungu, akajizungushia, akapita katikati ya ukumbi wa hospitali yake mwenyewe mpaka wodini. Akamwambia muuguzi wa mifuko, "Nifundishe." Muuguzi aliniambia baadaye kwamba alijua kwa somo moja.

Toka hapo karatasi zake alishika mwenyewe. Aliendelea kuishi na dada mkubwa, anakula naye, anamwamkia asubuhi, lakini faili lake lilikaa chini ya godoro lake. Sista hakuja tena kula nasi. Kila Jumatano Mama Pindo alikwenda kwenye kikao cha wenye mifuko, kilichoongozwa na dereva mmoja mstaafu mwenye mwaka wa tisa na mfuko wake. Dereva huyo aliwafundisha chakula kipi kinaleta upepo, kipi kinaziba, namna ya kulala, namna ya kusafiri. "Tumbo langu mimi linapiga honi bila idhini ya dereva," aliwaambia, "na abiria wakigeuka, na mimi nageuka, namtafuta mwenye kosa." Mama Pindo alirudi akicheka. Kicheko kile nilikisikia kupitia ukutani, akimsimulia mtu wa pasi chumba cha pili.

Maana alirudi kazini. Ganzi ilipungua, haikuisha. Alianza kuwashonea wenzake wa Jumatano vifuniko vya pamba vya mifuko, ili plastiki isipige kelele chini ya nguo wala isichome ngozi kwa jasho, na mikanda laini ya kushikilia. Wodi ikaona, ikaagiza. Alikuwa amekaa pale pale alipokaa miaka yote, hatua tatu kutoka meza yangu. Lakini vitambaa alikata mwenyewe. Mara ya kwanza mkasi ulimtoroka, vidole havikusikia, kipande kikaenda upande kama paa bovu, na mimi mkataji nimesimama hapo mikono mitupu. Baada ya miezi aliniruhusu kumkatia, lakini kila kipande nilichompa alikipima upya mbele yangu, kwa utepe, bila kuninunia. Salamu alinipa. Habari za kazi alinipa. Zaidi ya hapo, hakuna.

Ikafika siku ya majibu ya picha kubwa, ile ya kutazama ini na mapafu, mwaka na nusu tangu apasuliwe. Karani wa kliniki anataka kila mtu aje na mwenzake. Mama Pindo aliinuka kwenye cherehani, akasema bila kunitazama, "Njoo. Wanataka mtu." Niliacha mkasi wazi juu ya kitambaa. Nilitembea nyuma yake nikiwa na furaha ambayo naona aibu kuieleza, kwa sababu yeye alikuwa anakwenda kusikiliza hukumu na mimi nilikuwa nafurahi nimeitwa.

Kwenye dirisha karani alimpa fomu. Nilikuwa nimesimama begani kwake, niliona vizuri. Pale palipoandikwa mtu wa kupewa taarifa za mgonjwa, alishika kalamu kwa nguvu, maana vidole bado vilikuwa vizito, akaandika jina lake mwenyewe, herufi moja moja. Karani akasema, "Mama, hapa tunaandika ndugu au rafiki." Akamjibu, "Andika hivyo hivyo."

Walipoita namba yake nilisimama naye. Akageuka. "Wewe kaa," alisema. Haikuwa kwa ukali. Nikakaa kwenye benchi, natazama mlango. Alikaa mle ndani muda mrefu. Wengine wawili walioingia chumba cha jirani walitoka kabla yake. Nilijaribu kusikiliza, sikusikia kitu ila kiti kikisogezwa mara moja.

Alitoka ameshika faili kifuani. Nilimtazama usoni nikitafuta chochote, na uso ule ninaoujua kuliko wangu haukunipa kitu. Ni miezi minne sasa. Kazini anakuja, anashona, siku nyingine haji, na siulizi, na dada mkubwa akiniuliza mimi kama najua lolote, namwambia sijui, na ni kweli. Lakini siku ile niliuliza, tukiwa bado ukumbini.

"Mama Pindo, wamesemaje?"

"Nimeambiwa," alisema, akatangulia kwenda kazini.